Fundi Momanyi Aliyeomba Ruhusa ya Jumamosi

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuziba mabomba kutoka Rongo hadi Kendu Bay, Fundi Boaz Momanyi anastaafu rasmi Jumanne, tarehe 30 Juni. Daktari wake alikuwa na shaka kama angeifikia tarehe hiyo. Ameifikia, tena kwa miguu yake mwenyewe, kwa hivyo tutayasema yote akiwa anasikia.

Aliajiriwa na kampuni yetu ya maji mwaka wa 1995 kule Rongo, kijana wa kuchimba mitaro. Miaka tisa baadaye akahamishiwa Kendu Bay kuwa fundi mkuu. Kama umewahi kufungua mfereji mjini ukapata maji, mshukuru yeye. Kama hukupata, nilaumu mimi Kezia wa stoo, maana Fundi hakuwa mtu wa kungoja vifaa vyangu. Alitembea na tyubu kuukuu ya baiskeli mfukoni. Bomba likipasuka alikata ukanda wa mpira, akauvuta kwa nguvu zote, akauzungusha, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Nimegombana naye miaka kumi na minne juu ya huo mpira. Vibano vyangu vya chuma vimeshika kutu, mpira wake bado uko pale karibu na soko na hautoi hata tone.

Jambo tulilomsifia bure ni zamu za Jumamosi. Mkewe, Bonareri, ni Msabato wa kweli kweli, na kila Ijumaa Fundi alikuwa wa kwanza kujiandikisha zamu ya kesho yake. Meneja alimpa cheti cha bidii mara mbili. Kumbe mwenzetu alikuwa anakimbia kanisa! Ameniambia mwenyewe, bila haya.

Agosti mwaka jana ugali ulianza kumkwama kooni. Mtu mwingine angeenda hospitali. Fundi alijitibu kama anavyotibu bomba: maji moto, soda, maji ya chumvi. Alisema limeziba tu, litafunguka. Miezi mitano, jamani! Kufikia Januari hata uji haukupita. Madaktari wakamwambia ni saratani ya umio, imeshasambaa, haiondoleki. Walimtoboa tumbo wakaweka mrija wa kumlishia, na walipotaja muda walitaja miezi. Tulilia hapa ofisini na hatuoni aibu kusema.

Alirudi nyumbani na hasira. Waumini walipokuja kumwimbia, aliwafukuza. Bonareri aliwasindikiza hadi langoni, akarudi, akaendelea kumtilia uji kwenye mrija kila baada ya saa tatu bila kuhubiri. Siku moja Fundi alimwuliza kama haogopi. Alitarajia ataambiwa kwamba muumini haogopi kitu, na yeye angefunga mazungumzo hapo hapo. Bonareri akamjibu, "Naogopa sana, Baba Mokua. Lakini mimi niko na wa kumwambia."

Fundi anasema maneno hayo yalimshika. Jumamosi iliyofuata, mkewe alipoenda kanisani, yeye alibaki kitandani akajaribu kuongea na Mungu. Alianza na malalamiko, kama mteja aliyekatiwa maji. Malalamiko yalipoisha alijikuta bado anaongea. Hofu haikuondoka, lakini haikumkaba tena kama mwanzo.

Mwezi wa Aprili alikuja ofisini, kilo arobaini na tatu, akaomba ruhusa ya Jumamosi. Alitaka kubatizwa ziwani, azamishwe mwili mzima. Nesi anayemhudumia alipinga, maana maji ya ziwa yakiingia penye mrija yangeweza kummaliza kabla ya ugonjwa. Mchungaji Nyangau akashauri wangoje apate nguvu kidogo. Fundi akamwambia, "Pastor, nguvu haziji. Nipange sasa." Mwishowe nesi alikubali kwa sharti moja, kwamba bandeji ya penye mrija itoke majini ikiwa kavu.

Basi Fundi akaja stoo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alijaza fomu ya kuomba vifaa: karatasi ya nailoni na tyubu moja ya baiskeli. Nilimpa mpya, akaikataa, eti haivutiki vizuri, akachukua kuukuu. Alijifunga tumbo mwenyewe, akajimwagia karai la maji nyumbani kujaribu. Ikavuja. Akafungua, akafunga, ikavuja tena. Mara ya tatu ilitoka kavu.

Tarehe 16 Mei tulisimama ufuoni Kendu Bay, wafanyakazi kumi na wawili na sare zetu. Upepo ulikuwa umeanza, mawimbi yakimpiga kiunoni, na alikuwa anatetemeka mpaka tukamwona kutoka nchi kavu. Nesi alikuwa ameshafungua mkoba wake. Bonareri alikuwa amekumbatia viatu vya mumewe. Mchungaji akamlaza majini. Nilihesabu moja, mbili, tatu nikaisahau. Alipoinuliwa alikohoa, akakohoa, wimbo ukakatika, mchungaji akamshika kwa mikono miwili asianguke. Kisha Fundi akaingiza mkono ndani ya kanzu, akapapasa, akaita kwa sauti yote iliyobaki, "Kezia! Haijavuja!" Nililia kama mtoto.

Hajapona. Hatudanganyani katika jarida hili, na yeye mwenyewe hataki tudanganyane. Kila mwaka tunamalizia wasifu kwa kumtakia mwenzetu anayestaafu maisha marefu. Safari hii nilipofika hapo, kalamu ilinishinda, nikayaruka maneno hayo nikaandika "siku njema". Fundi akasoma rasimu, akanipigia simu. "Kezia, nani amekwambia uyatoe? Rudisha."

Nikamwambia naogopa kuandika uongo. Akacheka hadi akakohoa, akasema, "Si uongo. Uliniona ziwani. Wewe andika tu."

Asante, Fundi, kwa maji ya miaka thelathini na moja. Asante, Bonareri, kwa kumtunza. Nimeyarudisha kama ulivyoagiza: sisi sote, wa Rongo na wa Kendu Bay, tunakutakia maisha marefu.