Ta Datius na Kitalu Kilichofikishwa Saba

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Ndugu Datius Mushumbusi, au Ta Datius kama Wahaya tunavyomwita mtu mzima kwa heshima, anastaafu tarehe 30 Juni 1983. Aliajiriwa Bukoba mwaka 1956 kama Bwana Shamba Msaidizi, anaondoka Muleba akiwa Bwana Shamba Msaidizi. Hakuna mali ya serikali iliyotunzwa vizuri kama cheo hicho.

Mapenzi yake makubwa yalikuwa kipimo cha pH. Alikifundisha nje ya kanisa, kwenye kituo cha basi, na mara moja msibani, hadi mfiwa akamwomba apumzike kidogo. Alichovya karatasi zake za kupimia kwenye maji ya limau zikawa nyekundu, kwenye maji ya majivu zikawa bluu. Kipimo huanzia sifuri hadi kumi na nne: chini ya saba ni tindikali, juu yake ni besi, na saba yenyewe haielemei popote. Kushuka kutoka sita hadi tano si jambo dogo, maana tindikali imeongezeka mara kumi.

Hiyo saba iliwapendeza sana wakubwa. Nchi yetu haikufungamana na upande wowote, basi na udongo uwe na msimamo. Mwaka 1975, kamati ya kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Rubya iliazimia kwa kauli moja kwamba kitalu cha chai cha akina mama, kilichokuwa kwenye udongo mchachu wa rweya, ile mbuga yetu ya nyasi, kifikishwe saba. Udongo haukualikwa kikaoni. Ndugu Datius alialikwa, na kwa kuwa alikuwa anasubiri kupandishwa cheo, alikubali.

Akina mama, wakiongozwa na Ma Clotilda Kokuhirwa, waliinyima migomba yao majivu ya jikoni wakayamwaga kitaluni, siku baada ya siku. Karatasi ikasoma saba, tukapiga makofi. Miche ikawa manjano, kisha ikakauka. Chai, tofauti na kamati, hupenda tindikali, karibu na tano.

Wageni wa wilaya walipofika, maelezo yalikuwa tayari: uzembe wa akina mama. Ilipendekezwa wanyang'anywe kitalu, na pamoja nacho mazao pekee ambayo waume zao hawakuwa na mkono ndani yake. Ma Clotilda alisema tu, “Ta Datius, waitu, ndugu yetu, si tulimwaga ulichotuambia?” Ndugu Datius akasimama mbele ya wote akatamka kwamba hapakuwa na mzembe, miche ilikufa kwa ushauri wake. Siku ile nilimpenda mtu huyu, na sioni haya kusema.

Akina mama walibaki na kitalu, wakapanda upya pembeni, kwenye udongo usiomwagiwa majivu, na chai yao inachumwa hadi leo. Cheo kilikwenda kwa mwenzetu ambaye siku hiyo alikuwa likizo.

Ofisi, baada ya vikao vitatu, imemnunulia saa ya ukutani. Akina mama walikaa mara moja tu. Wanajua kwamba Ndugu Datius ni kitinda mimba kutoka Hamugembe, kule Bukoba, ambaye hakurithi hata shina moja la mgomba, wakaiomba serikali ya kijiji imkatie kibanja. Aliyewafundisha watu kulima maisha yake yote sasa anapata shamba lake la kwanza.

Asante kwa kazi, Ta Datius. Tunakutakia afya, mvua za wakati wake na mikungu mizito. Majirani wema tayari unao.