Jina Ambalo Kamati Haikuliandika

Mchungaji wetu mpendwa, wazee wa usharika, madereva wenzake wa mabasi ya shule, nanyi majirani mlioziacha mashine za kuvunia ngano shambani, kwa niaba ya familia, mimi mjukuu wake, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu niwasomee maisha ya Darlene Skaarland, kadiri tulivyoyajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, maili tisa kaskazini mwa mji wetu huu wa Harlow Bench, Montana, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Mama yao alifariki Novemba 1958, baba akiwa amekwisha kutoweka, na watu wa ustawi wa jamii wakaja na magari mawili, moja likamchukua Darlene, aliyekuwa na miaka saba, jingine likamchukua mdogo wake Wendell, wa miaka mitatu, likaelekea upande mwingine. Hakuambiwa mdogo wake alikopelekwa, na alipouliza akiwa mtu mzima, alijibiwa kwamba jalada limefungwa.

Alihitimu sekondari hapa Mei 1969, akafunga ndoa na Gordon Skaarland tarehe 5 Juni 1971, wakajaliwa watoto wawili, Karin na Dale, na kuanzia mwaka 1974 aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na tisa, ambamo amri yake ilikuwa moja, ndugu hukaa kiti kimoja, hata wakigombana.

Tangu mwaka 2019 alijitwika kuupigania muswada wa sheria, ulioomba tu kwamba hakimu asiwatenganishe ndugu bila kuandika sababu, na kila mtoto aambiwe mwenzake aliko. Alizifuta siku tisini za kikao cha bunge la jimbo moja moja kwenye kalenda ya jikoni, na mara tatu muswada ulikufa siku ya arobaini na tano, siku ambayo muswada usiovuka kwenda baraza la pili la bunge huwa umekwisha. Babu alimtania, "Mama Karin, muswada wako unakufa mapema kuliko nyanya zangu!" naye akamjibu, "Nyanya unapanda kila mwaka, mzee, mimi bunge langu nalingoja miaka miwili."

Tarehe 19 Februari 2025 aliendesha gari kwa saa nne kwenye theluji hadi Helena, makao makuu ya jimbo, kuutetea mbele ya kamati ya bunge, akiwa na kurasa tatu alizoziandika upya majira yote ya baridi. Waliomtangulia walisema mengi, na zamu yake ilipofika mwenyekiti wa kamati akamwambia, "Mama, muda umetuponyoka, tupe jina, unakotoka, unaunga mkono au unapinga, basi."

Alizikunja kurasa zake. "Darlene Skaarland, Harlow Bench, naunga mkono. Na Wendell pia."

"Huyo Wendell yumo humu ndani?"

"Hayumo, mheshimiwa. Sijui aliko tangu mwaka hamsini na nane."

"Pole, mama. Asiyekuwepo hatuwezi kumwandika."

Alishukuru, akaondoka, na muswada haukuvuka.

Mwezi Aprili aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, iliyokwisha kuenea, na akiwa kitandani aliomba anunuliwe kalenda ya mwaka 2027, bunge litakapokutana tena, ambayo hatukuipata katika duka lolote. Alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano. Hapa familia ilikwama, kwa kuwa hatukujua Wendell tumtaje miongoni mwa waliobaki au waliotangulia, hivyo katika ratiba mliyoishika tumeacha mstari mtupu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtuliza maumivu, majirani waliotuletea chakula kila jioni, na madereva wenzake walioegesha mabasi nje ya kanisa, taa zikiwa zinawaka. Bibi, umengoja vya kutosha, pumzika kwa amani.

Yaliyosemwa katika chumba kile cha kamati kule Helena hakutusimulia kamwe. Aliyenieleza ni karani wa kamati, aliyekuwa ameshika kalamu siku ile, na ambaye leo ameketi mstari wa nyuma, Bi. Margit Hallinan.