Rangi ya Marehemu Isiyokauka: Kumuaga Madam Jerotich

Tarehe 30 Juni, Madam Sally Jerotich, mkemia mkuu wa maabara yetu ya kuchunguza sanaa hapa Lodwar, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuumbua picha bandia. Walaghai watachinja mbuzi siku hiyo. Sisi tumenuna.

Alitoka Kericho na sweta mbili, akidhani jioni zitahitajika. Kila alikosafiri Turkana alirudi na udongo ndani ya kopo la Blue Band. Tulimcheka sana kwamba atamaliza kaunti nzima kuiweka kabatini.

Kazi moja bado inatusisimua mwili. Kutoka soko la Kakuma ililetwa picha yenye saini ya Thuok, mchoraji wa kambi ya wakimbizi ya huko aliyefariki miaka saba kabla. Thuok alikuwa na desturi yake: kila aliyemchora alimwomba udongo aliokanyaga, akauchanganya kwenye rangi. Jambo hilo tulilijua maabara, na hatukulitangaza.

Picha ilikuwa ya mwanamke mzima mwenye kovu juu ya jicho. Mama Adhel wa Kalobeyei alipoiona alianguka. Kovu lilikuwa la bintiye Agot, aliyepotea siku ya vurugu kambini, akiwa bado msichana mdogo. Watu walikwisha kumlilia. Mama akamuuliza Madam swali moja tu: "Mtoto yangu iko hai?"

Madam akapitisha pamba yenye spiriti pembeni mwa picha. Ikatoka nyeusi. Rangi ya mafuta hukomaa kwa miaka mingi hadi spiriti isiitoe, na hii ilikuwa ya juzijuzi. Basi marehemu alikuwa anachora? Mlinzi wetu Etabo akaanza kuisalimia kila asubuhi, "Ejok," kisha anasimama kidogo mlangoni kusikiliza, isije ikaitikia. Mimi nilihamisha meza yangu, na sioni haya kusema hivyo.

Madam hakuhama. Weusi ule ulikuwa wa mifupa ya mbuzi iliyochomwa, vilevile alivyotumia Thuok. Ndani yake, chini ya hadubini, kulikuwa na udongo wenye chembe za kombe za ziwani. Akafungua makopo yake hadi akafika la Lowarengak, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, ukalingana. Mlaghai gani alijua habari ya udongo? Akamuuliza Mama Adhel ni nani aliyekuwa akimsagia Thuok rangi. Akajibu kwamba ni Agot peke yake, kila siku akitoka shule.

Madam akaketi, akalia mbele yetu sote. Kwenye ripoti aliandika ukweli, kama kawaida yake: picha ni bandia. Kisha akamshika Mama Adhel mkono, wakapanda lori la samaki kwenda Lowarengak, kumtafuta mwanamke aliyejichora mwenyewe na kutia saini ya mwalimu wake aliyekufa.

Madam, asante kwa ukali wako na kwa moyo wako. Pumzika vyema, na miaka ijayo ikujie na heri tupu. Zawadi yetu ni picha yako. Utakabidhiwa na Agot, aliyeketi safu ya mbele na mamake, na hii ameitia saini kwa jina lake.