Mama Mujibu na Kipimo Kisichosogea

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Swaumu Chilumba, fundi wetu wa kompyuta, anastaafu baada ya kuutumikia mradi wetu wa maji kwa miaka thelathini na mitano. Wengi tunamwita Mama Mujibu. Aliajiriwa Masasi akiwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa kila mtu aliiogopa. Yeye akaomba kitabu cha maelekezo, akakaa nacho nyumbani Mkomaindo mwezi mzima. Baadaye ndiye aliyeandika programu za pampu zinazopandisha maji hadi vijiji vya Newala.

Ana tabia moja iliyotuchosha: haamini kitu upesi. Ukimwambia umeme umekatika, atakwenda kuangalia swichi mwenyewe.

Mwaka 2019 pampu moja iliungua kwa kuvuta kisima kilichokauka. Watu wa kijiji cha Mkunya walikaa siku tisa bila maji. Tulimshuku mwendesha pampu, Mzee Dastani, kwamba alisinzia kazini, na barua ya kumwachisha kazi ikaandaliwa. Mimi, Cuthbert, msaidizi wa Mama Mujibu, nilikuwa wa kwanza kumtaja. Mama Mujibu alipomtetea nikamshuku naye, kwa kuwa ni majirani.

Alimfuata Dastani, akamwamkia, akamwomba aeleze upya.

"Kipimo cha maji kisimani kilionyesha mita nne tangu asubuhi," Dastani alimwambia. "Hakikusogea."

Hapo ndipo shaka ya Mama Mujibu ilipohamia kwenye programu. Maji yanavutwa saa saba mfululizo, kipimo kinabakije pale pale?

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeifupisha programu yake ili ienee kwenye mtambo mpya wenye kumbukumbu ndogo. Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Katika mstari wa amri niliongeza alama chache tu, kuiagiza iondoe kila inachoona hakina kazi. Programu ikapungua nusu, nami nikajisifu ofisi nzima.

Mama Mujibu aliipitisha programu kwenye kompaila mara mbili, kwa alama zangu na bila alama hizo, akachapisha matokeo na kuyalinganisha mstari kwa mstari. Bila alama, mashine ilisoma kipimo kila sekunde, ili iizime pampu maji yakiisha. Kwa alama zangu ilisoma mara moja tu ilipowashwa, kisha ikarudia jibu lile lile, kwa kuwa kompaila iliona kusoma tena hakuna kazi. Akaongeza neno moja la kuikataza kompaila kugusa sehemu ile. Tukakitumbukiza kipimo kwenye ndoo, akayachota maji, pampu ikajizima. Alinifanya nirudie jaribio hilo mara tatu.

Kwenye kikao cha kumjadili Dastani alisema, "Kosa ni la programu, na programu ni yangu." Hakunitaja. Barua ilichanwa, Dastani akaendelea na kazi hadi alipostaafu.

Nilinyamaza miaka sita. Nilipoombwa kuandika wasifu huu nilikwenda kwanza kwa Mzee Dastani, nikamweleza yote na kumwomba radhi.

"Mama Mujibu alijua?" akauliza.

Nikamwambia alijua tangu siku ya kwanza.

"Basi liandike na hilo."

Nimeliandika. Mama Mujibu, tunakushukuru wote, nami zaidi ya wote. Mungu akujalie afya njema na miaka mingi ya furaha pamoja na wanao.