Tanzia ya Bi Hadia, Aliye Hai

Mgeni rasmi, Bi Nyaguthii, Mhariri Mkuu wa jarida la *Kidau*. Wazee wetu, mabibi na mabwana: Assalamu alaykum.

Makaribisho

Sisi Wasomaji wa Mashairi wa Pate tunakukaribisha. Tunajua ndia ya kutoka bandarini Mtangawanda inachosha, na hujalalamika.

Historia

Zamani *Kidau* lilikuja kwa mashua, nakala moja. Bi Hadia alilisoma kwa sauti barazani kwake, nasi tukasikiliza. Kurasani humo yeye na Bwana Muhdhar wa Mkokoni walijibizana kwa mashairi miaka mingi bila kuonana uso kwa uso.

Mafanikio

Jarida lilipohamia mtandaoni, watoto wetu walioko Mombasa na Jeddah waliweza kulisoma. Tunashukuru.

Changamoto

Bi Hadia hana simu. Aliendelea kutuma mashairi yake kwa posta, kwenye sanduku la barua la jarida, lililokwisha fungwa. Bwana Muhdhar akangoja jibu, wapi. Mwishowe akaamini mwenzake ametangulia mbele ya haki, akamtungia tanzia. Bintiye, Hadil, akaitia mtandaoni.

Hussam wa hapa kwetu aliisoma, akaisambaza kabla ya kuuliza. Alasiri wanawake wakafika kwa Bi Hadia na mikeka kichwani. Akafungua mlango mwenyewe.

“Nani amekufa?”

“Ni wewe, Bi Hadia,” alijibu Swafiya, jirani yake.

Kwa kuwa wameshafika, aliwakaribisha, akawapa kahawa, akataka asomewe. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

“Amenililia vizuri,” alisema. “Lakini ubeti wa tatu umepunguka mizani moja.”

Tuliandika chini ya tanzia ile kwamba Bi Hadia yu hai. Wasomaji wa mtandaoni wakajibu: “Kweli, yu hai nyoyoni mwetu.” Tukaandika tena. Wakatuombea subira.

Ndipo Bi Hadia akafunga safari ya Mkokoni, Swafiya akamsindikiza. Walimkuta Bwana Muhdhar mlangoni kwake, macho yamekwisha kumzimika. Bi Hadia alimtolea salamu, kisha akamghania lile jibu alilolingoja.

“Nani amekufundisha hilo?” aliuliza mzee.

“Ndimi Hadia.”

Mzee alisogea kumpa nafasi. “Basi nimewatia watu taabu.”

“Hiyo imepita. Nimekuya kwa ubeti wa tatu.”

Walikaa wakiutengeneza hadi adhana ya Alasiri. Swafiya anasema hajapata kumwona Bi Hadia akicheka hivyo. Alipoaga, Bwana Muhdhar alimwambia: “Nikitangulia mimi, usinililie kwenye simu. Nililie kwenye karatasi, watu washike.”

“Inshallah,” alisema Bi Hadia.

Bwana Muhdhar alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Bi Hadia amemtungia tanzia. Hakuna aliyeisikia, hata Swafiya. Fahmi, kijana wetu mwenye simu nzuri, alijitolea kuipeleka mtandaoni siku hiyohiyo. Bi Hadia alimpa chai na kumshukuru. “Nimeahidi karatasi,” alisema.

Maombi

Mgeni rasmi, hatuombi mtandao ufungwe. Tunaomba mambo mawili.

Kwanza, ile tanzia ya Bi Hadia iliyoko mtandaoni iondolewe. Ikishindikana, basi ubeti wa tatu urekebishwe.

Pili, *Kidau* lipigwe chapa mara moja tu, hata ukurasa mmoja, wenye tanzia ya Bwana Muhdhar. Bintiye Bwana Muhdhar ameomba nakala, na sisi tutaipeleka Mkokoni kwa mikono yetu.

Bi Hadia ameketi safu ya mbele, mwenye mtandio wa kijani. Hakututuma kusema haya, na hakuna alipoiandika tanzia hiyo, ameihifadhi kichwani. Hivi karibuni ameanza kutuita, bila kujua, kwa majina ya mama zetu.

Mwenyezi Mungu akurejeshe kwako salama, akubarikie kalamu yako na mashine zako za kuchapia, kama bado zipo. Amin.

Imesomwa na Razan, Katibu,
kwa niaba ya Wasomaji wa Mashairi wa Pate.