Shanga Nilizozigandisha Mimi

Wasikilizaji wapendwa, leo naanza na kosa. Kosa langu mwenyewe, si la fundi mitambo, ingawa nimezoea kumsingizia.

Miaka tisa iliyopita niligandisha shanga za watu. Narudia, kwa wewe ambaye ndio kwanza unafungua redio: nilichukua chupa mbili za shanga, nikaziweka kwenye friza, nikaenda zangu nyumbani kula na kulala. Shanga zile zikaharibika zote. Na mwanamke mmoja akabeba lawama yangu. Akaibeba miaka tisa, kimya, mpaka Jumatano iliyopita alipofariki. Alikuwa na miaka sitini na moja.

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Kazini walimwita Matone. Mimi nilimwita Dada Matone. Yeye aliniita Mdomo. Sikukasirika. Mtu akikuita kwa kifaa chako cha kazi, utamkasirikia nini?

Najua wengine hapo mmeshashika shingo mkiwaza shanga za shingoni. Sizo. Ngoja niwaeleze kama alivyonieleza yeye.

Dada Matone alikuwa mtaalamu wa maabara. Maabara yenyewe iko nyuma ya zizi la farasi saba. Farasi hao wanachomwa sumu ya nyoka kidogo kidogo, kiasi kisichowadhuru, mpaka damu yao inajifunza kupigana nayo. Kisha wanatolewa damu kiasi. Ndani ya damu ile mna protini zinazokamata sumu. Dada Matone aliziita askari. Askari hao ndio dawa ya mtu aliyeumwa na nyoka.

Lakini damu ya farasi haina askari peke yao. Ina wapishi, ina wapagazi, ina wapita njia. Ukimchoma mgonjwa wote hao kwa mkupuo, mwili wake unaweza kushtuka. Anavimba. Anawashwa. Anakosa pumzi. Umemtoa mdomoni kwa nyoka, umemtupa kwenye kwato za farasi.

Basi lazima askari watengwe. Na hapo ndipo shanga zinapoingia.

Siku ya kwanza nilipofika alinionyesha mrija wa kioo umesimama wima, urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Ndani umejaa kitu cheupe, chenye majimaji, kama uji ulioganda. Zilikuwa shanga. Ushanga mmoja ni mdogo kama punje ya mchanga laini, na mwili mzima una matundu usiyoyaona.

Akaniuliza, "Mdomo, umewahi kumtuma mtoto dukani?"

Nikamjibu, "Kila siku."

"Anarudi saa ngapi?"

"Akipenda yeye."

"Kwa nini anachelewa?"

"Si anaingia kila kichochoro!"

"Na lori la mchanga je?"

"Lori litaingia kichochoro gani, Dada? Linafuata barabara."

"Basi umemaliza shule yangu. Protini kubwa ni lori. Inapita katikati ya shanga, inatoka kwanza. Protini ndogo ni mtoto wako. Inaingia kila tundu, inatoka mwisho. Askari wangu ni malori. Mimi nakaa hapa chini na chupa, nasubiri malori."

Na kweli alikuwa anakaa. Alikuwa na kigoda kifupi, mguu mmoja umefungwa waya. Anakaa chini ya mrija, anahesabu matone yanavyoshuka. Ndiyo maana ya jina. Mume wake, ambaye ni fundi rangi, aliwahi kuniambia: "Shemeji, nyumbani bomba likivuja huyu hapati usingizi. Kelele hazimsumbui. Anahesabu."

Sasa turudi kwenye dhambi yangu.

Nilikwenda kumrekodi, siku ya Ijumaa. Chumbani mlikuwa na friji inanguruma kama inamdai mtu. Sisi watu wa redio tuna tabia moja. Friji ikinguruma, tunaichomoa. Na ili tusisahau kuirudisha, tunaweka funguo za gari ndani yake. Huwezi kuondoka bila kufungua friji. Akili hiyo! Shida ni kwamba mimi nilikuja kwa miguu.

Dada Matone alikuwa ametoka kumwita mkuu wa maabara. Mimi nikachomoa friji. Nikafungua, nikaona chupa mbili. Nikawaza, maskini, hizi zitaharibika. Kwa huruma yangu nikazibeba, nikazipeleka kwenye friza, chumba cha pili. Nina diploma ya utangazaji, wasikilizaji wapendwa. Sina diploma ya barafu. Tulipomaliza nikaichomeka friji vizuri kabisa, nikajipongeza, nikaaga. Chupa nikazisahau.

Jumatatu simu ikalia. "Mdomo, chupa zangu uliziweka wapi?"

"Kwenye friza, Dada. Nilikutunzia."

Akasema, taratibu, "Umenitunzia kweli."

Shanga zile zinakaa kwenye baridi, hazikai kwenye barafu. Narudia: baridi ndiyo, barafu hapana. Zimejaa maji. Maji yakiganda yanatanuka, ushanga unapasuka kutoka ndani. Barafu ikiyeyuka unabaki na unga. Unga unaziba mrija. Tone halishuki.

Na hizo zilikuwa chupa za mwisho. Shanga zilikuwa zinaagizwa nje, unazisubiri miezi mitano. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mvua zikija nyoka wanatoka. Hospitali ilikuwa imebakiwa na dozi kumi na moja. Kumi na moja tu.

Nikamwambia, "Dada, nakuja kukiri kwa mkuu."

Akasema, "Thubutu! Huyu mkuu nimembembeleza mwaka mzima akubali watu wa redio. Akijua ni wewe, hakuna mtangazaji atakayekanyaga hapa tena. Na watu huko wataendelea kukata kidonda kwa wembe na kufunga mguu kwa kamba. Wewe nenda kawaambie waje hospitali. Hiyo ndiyo adhabu yako. Na nitakuwa nasikiliza. Ukikosea, napiga simu."

Akaenda kwa mkuu, akasema, "Ni mimi." Akapewa barua ya onyo. Ikawekwa kwenye faili lake.

Halafu hakukaa kulia. Alifikiria. Maabara yoyote ina unga wa mwani, ule wanaoupika mpaka ugande kama jeli ili waoteshe vijidudu juu yake. Jeli hiyo nayo ina matundu yasiyoonekana. Dada Matone akajiuliza: nikiigandisha jeli hii vipande vidogo kama mchanga, nimekosa nini?

Namwachia mume wake asimulie. Nilimrekodi sebuleni kwake. Anasema hivi:

"Alikuja akaniomba mashine yangu ya kukorogea rangi. Nikamwuliza, unapaka nini? Akasema, napika. Akachemsha unga wake, akapasha moto mafuta ya kula kwenye sufuria kubwa, akamwaga jeli humo huku anakoroga. Mara ya kwanza zikatoka kubwa kama maharage. Nikamwambia mke wangu, tutie chumvi tule. Alinikata jicho, shemeji! Mara ya pili ikawa bonge moja. Mara ya tano, bonge na nusu. Siku moja nikachoka kutazama. Nikamwambia, mama, wewe unakoroga kama unagombana na mtu. Rangi humwagi yote. Unaitiririsha nyembamba, na mashine iende mwendo mmoja, mpaka katikati pafanye kishimo. Kishimo kikitulia, usiongeze na usipunguze. Akanitazama. Akasema, miaka thelathini nimelala na mwalimu, sikujua!"

Sufuria ya kumi na saba ndiyo iliyokubali. Zikapozwa, zikaoshwa mafuta kwa sabuni na spiriti, zikachujwa kwenye kitambaa, zikaoshwa tena, na tena. Akazijaza kwenye mrija. Akakaa kwenye kigoda chake. Tone la kwanza likashuka. Walipopima, askari walikuwa wametoka kwanza, safi, bila wapita njia. Malori mbele, watoto nyuma.

Zilikuwa zimepita wiki saba. Hospitali ilikuwa imebaki na dozi mbili. Mvua zile hakuna aliyekosa dawa. Narudia: hakuna aliyekosa. Na tangu hapo maabara ikawa inatumia shanga zake.

Na mimi nikatumikia adhabu yangu. Kila mvua nilitangaza. Na kila kipindi kikiisha, simu inalia. "Mdomo, umesema damu inachemshwa. Supu hiyo?" "Mdomo, farasi ni saba, umesema sita. Wa saba amesikia, amenuna."

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Mikono ikawa inatetemeka. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, akaingiwa na hofu moja tu. Hakuogopa kufa. Aliniambia, "Mdomo, mimi nikienda si tatizo, watu huenda. Shanga zangu zisiende na mimi."

Alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari. Wakajaribu wataalamu wawili wenye shahada zao. Daftari mkononi, kipimajoto mkononi. Likatoka bonge.

Pale maabara kuna mama anayeosha vyombo. Wanamwita Mama Chupa. Kwa miaka minane yeye ndiye aliyekuwa anaosha sufuria na mashine, na kushika kitambaa shanga zikichujwa. Siku moja, wale wawili wakibishana kuhusu kipimajoto, yeye akasema kutoka kwenye karai lake, "Hizo zimeshaharibika. Kishimo kimezibika."

Dada Matone akageuka. "Wewe umejuaje?"

"Nasikia mlio wa mashine. Umebadilika."

"Acha sabuni, njoo hapa."

"Mimi? Mimi ni mtu wa kuosha, dada."

"Na hizi zinaoshwa kuliko zinavyopikwa. Njoo!"

Mwezi uliopita Dada Matone hakuweza tena kwenda kazini. Mama Chupa akawa anapika peke yake, kisha anampelekea kichupa kitandani. Dada Matone anachovya vidole viwili, anafumba macho, anasugua. Kichupa cha kwanza akasema, "Umekoroga una hasira." Cha pili, "Hasira imepungua, mafuta yamebaki. Osha." Cha tatu alikirudisha tu. Mama Chupa akalia njia nzima.

Cha nne alikipeleka Jumapili. Mume wake alikuwepo, mimi nilikuwepo. Dada Matone akasugua. Akasugua tena. Akauliza, "Nani amezipika hizi?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Mimi na Mungu, na mashine ya mume wako."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Haya. Sasa naweza kupumzika."

Jumatano akapumzika.

Alhamisi tulimzika. Ijumaa asubuhi Mama Chupa alijaza shanga zake kwenye mrija, akavuta kile kigoda chenye waya. Nilikuwa mlangoni. Sikuchomoa kitu chochote, nawaapia. Matone yakaanza kushuka. Jioni wakapima. Malori mbele, watoto nyuma. Mvua zinakuja, na dawa ipo.

Siku hiyo hiyo niliingia ofisini kwa mkuu wa maabara. Nikamwambia, "Mzee, zile shanga za miaka tisa iliyopita, niliyezigandisha ni mimi."

Akavua miwani. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Matone agandishe shanga? Hata ndotoni hawezi. Lakini hakutaka kusema, na faili lilitaka barua."

Akafungua kabati, akatoa faili, akatoa barua. Nikaomba kalamu. Nikakata jina lake, nikaandika langu. Mkuu akaigonga muhuri, akairudisha kabatini, kwenye faili la wageni. Faili lilitaka barua. Limepata. Na faili la Dada Matone sasa ni safi. Nalisema hili hewani ili lisikike hata zizini: faili la Dada Matone ni safi.

Kwa shemeji yangu fundi rangi, pole sana, ndugu yangu. Kwa mabinti zake wawili na wajukuu, poleni. Mama Chupa, pole, na hongera. Najua leo vyote viwili vinakaa kifua kimoja. Kwenu wote pale nyuma ya zizi, poleni. Mungu amlaze pema.

Na wewe unayenisikiliza, fikiria jambo moja leo. Kuna mtu aliwahi kubeba lawama yako, akanyamaza. Unamjua. Kama yuko hai, usingoje mpaka uje kunena redioni kama mimi. Na mtu akiumwa na nyoka, usikate, usifunge kamba, usinyonye. Mtulize, asitembee, mpeleke hospitali haraka. Narudia: hospitali.

Sasa huu ndio ule muda. Fundi mitambo ameniwekea laini wazi, kama kila siku. Dada Matone, nimeeleza shanga, nimeeleza malori, farasi nimewataja saba. Lazima kuna mahali nimekosea. Namba ni ile ile.

Piga, Dada. Nasubiri.

Nirekebishe.