Shahada ya Nyambizi

Kwenye treni ya kutoka Irving kwenda uwanja wa ndege, nesi Khairiya alijifanya anasoma simu. Mbele yake kijana mwenye sare za jeshi la majini, jina Kipngeno kifuani, alimweleza mama aliyeketi naye kwamba huendesha mtambo wa nyuklia ndani ya nyambizi, na sasa amemaliza master's ya uhandisi mtandaoni.

"Na uta-graduate wapi?" mama akauliza.

"Hakuna sherehe, mama. Cheti kitakuja kwa posta."

"Sasa yale mashada ya kumetameta ya mahafali watakuvisha ukiwa wapi?"

Mtu wa nyuklia akapangusa jasho, na AC ilikuwa ya kugandisha samaki.

"Mamako anajua hakuna sherehe?" mama akauliza tena.

"Nimepanga kumwambia akishuka kwenye ndege," Kipngeno alisema, treni ikisimama. "Anakuja na shangazi zangu wanne. Mashada wameyabeba."